Kunusurika kwa Gharama ya Nani? Visa vya Bahari na Pori katika Mizani ya Sharia

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite kwa amri Yake, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, miongoni mwa vitabu ambavyo vijana wetu huvisoma kwa hamu ni vile vinavyosimulia watu waliopotelewa baharini au porini kisha wakanusurika. Tangu zama za utawala wa Kiingereza wanafunzi wa Tanganyika walisomeshwa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyotiwa katika Kiswahili kutoka kwa waandishi wa Uingereza, Robert Louis Stevenson na Rider Haggard. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa na visa vya Sindbad baharia, alivyovuka bahari saba na kurudi Baghdad akiwa hai kila mara.

Mwenye kuvisoma hushikwa na swali moja: je, mtu huyu atapona? Nasi hatusemi kwamba swali hilo ni baya. Lakini mwanafunzi wa sharia anatakiwa kuuliza la pili: amepona kwa gharama ya nani? Maana wako walionusurika kwa subira na dua, na wako walionusurika kwa kumuuza mwenzao, na wako waliomla mwenzao. Vitabu vya visa mara nyingi huwaita wote hao mashujaa. Vitabu vya fiqhi huwatenganisha.

Katika makala hii tutaanza na kisa cha kale kabisa cha namna hii kinachohusu pwani yetu, kisha tutakiweka pamoja na visa mashuhuri vya Ulaya, na mwisho tutarudi hapa kwetu Kusini, katika mapori ya Chunyu, Ruangwa na Nachingwea, ambako kunusurika hakukuwa jambo la kusomwa vitabuni tu.

KISA CHA MFALME WA ZANJI

Katika karne ya 4 Hijria, yaani karne ya 10 Miladia, kilikusanywa kitabu cha masimulizi ya mabaharia kiitwacho Ajaib al-Hind, maana yake Maajabu ya India. Kitabu hicho hunasibishwa kwa nahodha Buzurg bin Shahriyar wa Ramhurmuz. Ndani yake kimo kisa cha nahodha aitwaye Ismailawayh na mabaharia wenzake waliong'oa nanga Oman mwaka 310 Hijria (922 Miladia), wakikusudia Qanbalu, kisiwa cha biashara ambacho wanahistoria wengi hukitafuta upande wa Pemba.

Tufani iliwapiga ikawasukuma kusini mpaka Sufala ya Zanji. Walipoiona nchi ile walijihesabu kuwa wafu, kwani walikuwa wamesikia kwamba wenyeji wake hula watu. Wakatia udhu, wakatubia, wakaagana. Wenyeji wakawazunguka kwa mitumbwi yao, wakawapeleka kwa mfalme wao, naye alikuwa kijana mwenye umbo zuri. Badala ya kuliwa, walikaribishwa. Mfalme akawapa amani, akawaruhusu kuuza na kununua bila ya ushuru wala kizuizi, wakapata faida kubwa.

Siku ya kuondoka, mfalme akawasindikiza mpaka chomboni pamoja na watu saba katika jamaa zake. Hapo nahodha akapiga hesabu moyoni: kijana huyu katika soko la Oman atafikia dinari 30, na hawa saba kwa pamoja dinari 160, na nguo zao zina thamani yake. Akaamrisha tanga litwekwe na nanga ing'olewe. Mfalme na watu wake wakatiwa pamoja na watumwa wapatao mia mbili waliokuwa tayari chomboni, wakauzwa Oman.

Miaka kadhaa ikapita. Ismailawayh na wenzake wakasafiri tena kwenda Qanbalu, na tufani ikawachukua tena mpaka pwani ile ile. Safari hii hofu yao ilikuwa na sababu. Wakaletwa mbele ya kiti cha mfalme, wakainua macho, wakamkuta ni yule yule waliyemuuza.

Mfalme akawasimulia yaliyompata. Kutoka Oman alipelekwa Basra, akajifunza huko Swala na Saumu na sehemu ya Qur'ani. Akauzwa tena, akapelekwa Baghdad, akajua Kiarabu, akahitimu Qur'ani na akaswali pamoja na watu misikitini. Kisha akatoroka, akajiunga na msafara wa mahujaji wa Khurasan, akahiji Makka. Baada ya Hija akafuata msafara wa Misri. Alipouona mto Nili akauliza unatoka wapi, akaambiwa unatoka nchi za Zanji. Akaufuata mto ule kwenda juu, mji baada ya mji, akiomba chakula. Njiani alitekwa na kufanywa mtumwa zaidi ya mara moja, na kila mara akatoroka. Mwisho akafika kwao, akakuta watu wake hawajamweka mfalme mwingine, kwa sababu waganga wao walikuwa wamewaambia kwamba yu hai. Akawafundisha watu wake Uislamu, wakasilimu.

Kisha akawaambia wale mabaharia kwamba amewasamehe, kwa kuwa wao walikuwa sababu ya yeye kuijua dini. Akawaomba wawafahamishe Waislamu kwamba waje kwao kama ndugu. Lilimkera jambo moja tu: kwamba aliondoka Baghdad bila ya ridhaa ya aliyekuwa bwana wake, na angependa kumpelekea thamani yake, lakini hakumwona kati yao mtu wa kumwaminia fedha hiyo. Nao walipomwomba awasindikize mpaka chomboni, akakataa.

UZITO WA HABARI HII

Ni wajibu wetu kusema wazi daraja ya khabari hii. Haina isnadi ya wanachuoni wa Hadithi. Ni masimulizi ya mabaharia, na mabaharia wa zama zote hupenda kuongeza chumvi. Mtu kutoka Misri kwa miguu mpaka pwani ya kusini ya Zanji ni safari ngumu kuisadiki. Na kurudishwa na tufani ileile mahali palepale kunafanana mno na utunzi wa msimuliaji hodari.

Pamoja na hayo, mazingira yake ni ya kweli. Al-Masudi, mwanahistoria mashuhuri, alipita bahari hii katika zama hizo hizo, na anataja safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu kwenda Oman kuwa ni mwaka 304 Hijria. Anasema hakuona bahari ya kutisha kuliko hii, na anawataja wenye chombo alichosafiria kuwa baadaye walizama pamoja na chombo chao. Biashara ya Oman na Zanji ilikuwapo, utumwa wa Zanji mpaka Basra na Baghdad ulikuwapo, na Waislamu walikuwapo Qanbalu. Kwa hiyo tunakichukua kisa hiki si kama hoja ya sharia, bali kama kioo cha mambo yaliyokuwa yakitendeka, na cha dhamiri ya Waislamu walioyasimulia. Kwani aliyekitunga au kukihifadhi alikuwa mtu wa upande wa wauzaji, naye akampa ubora aliyeuzwa.

HUKUMU YA ALIYEMUUZA MWENYEJI WAKE

Huenda mtu akasema: mfalme yule wakati huo hakuwa Mwislamu, na nchi yake haikuwa nchi ya Kiislamu, basi nahodha alikosa nini?

Jibu lake liko wazi katika madhehebu zetu. Mfanyabiashara Mwislamu akiingia katika nchi ya wasiokuwa Waislamu kwa amani waliyompa, ni haramu kwake kugusa damu zao na mali zao, kwa sababu amani ina pande mbili: walipomwaminisha, nao walisalimika naye. Imamu Shafii (Rahimahullah) ameibainisha hukumu hiyo katika al-Umm. Wanachuoni wa Kihanafi nao wanaharamisha khiyana hiyo, na wanasema mwenye kupata mali kwa njia hiyo aamrishwe kuitoa sadaka, kwa kuwa ni chumo chafu.

Dalili yake mashuhuri ni kisa cha al-Mughira bin Shu'ba (r.a.) kabla ya kusilimu. Alifuatana na watu, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume (s.a.w.) kusilimu. Kama ilivyopokewa katika Sahih al-Bukhari, Mtume (s.a.w.) aliukubali Uislamu wake na akakataa kuhusika na ile mali. Wenye mali ile walikuwa washirikina, lakini khiyana haikugeuka halali.

Na katika Hadithi Qudsi iliyopokewa na al-Bukhari, Allah (S.W.) anawataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akafanya khiyana. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru kisha akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi, asimpe ujira wake. Tazama neno lililotumika: kula thamani yake. Mabaharia wale walishuka Sufala wakiogopa walao watu. Kwa mizani ya Hadithi hii, mwenye kula mtu siku ile alikuwa nahodha.

Ama ile thamani ambayo mfalme alitaka kumpelekea bwana wake wa Baghdad, sisi tunaona kwamba haikuwa deni juu yake, kwa kuwa mauzo ya mtu aliyetekwa kwa khiyana ni batili tangu mwanzo. Lakini wasiwasi wake unaonyesha mtu aliyechunga dhima yake kuliko wale waliomfundisha maana ya dhima kwa kumvunjia.

KISIWA CHA HAYY NA KISIWA CHA CRUSOE

Baada ya karne mbili hivi, Ibn Tufayl wa Andalusi, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Marrakesh mwaka 581 Hijria (1185 Miladia), alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Hayy alijifunza mwenyewe kujivika, kuwasha moto na kupata chakula, kisha akatazama mbingu na viumbe mpaka akatambua kwamba vina Muumba mmoja. Katika falsafa ya kitabu hicho yamo ambayo maulamaa wameyapinga, nasi hatuyaungi mkono yote. Tunachokitaja hapa ni kwamba kisiwa kile kilikuwa darasa: mtu aliyekuwa peke yake hakutafuta wa kumtawala, alitafuta wa kumwabudu.

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1671 na Edward Pococke, kisha kwa Kiingereza kutoka Kiarabu na Simon Ockley mwaka 1708. Mwaka 1719 Daniel Defoe akatoa London kisa cha Robinson Crusoe, aliyekaa kisiwani miaka 28. Wako wanaosema Defoe alichukua kwa Ibn Tufayl. Hilo halijathibiti, na mwandishi Mwislamu hana haja ya kudai lisilothibiti.

Lakini wasomaji wengi husahau namna Crusoe alivyofika kisiwani. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa kisa hicho, alitekwa na kufanywa mtumwa katika mji wa Sale, Morocco. Akatoroka kwa mashua pamoja na kijana wa Kiislamu aitwaye Xury, aliyemtumikia kwa uaminifu na kukabiliana naye na hatari za pwani ya Afrika. Walipookolewa na nahodha wa Kireno, Crusoe alimuuza Xury kwa nahodha huyo kwa vipande 60 vya fedha, kwa ahadi kwamba ataachwa huru baada ya miaka kumi akiingia Ukristo. Akaenda Brazil, akawa na shamba, na chombo kilichomzamia kilikuwa njiani kwenda pwani ya Guinea kuchukua watumwa.

Basi viweke visa hivi viwili pamoja. Katika cha Sufala, msimulizi anamfuata aliyeuzwa, anatuonyesha njia yake mpaka Makka na kurudi kwao, na anamfanya muuzaji asimame mbele yake akitetemeka. Katika cha Crusoe, msimulizi anabaki na muuzaji, na Xury anatoweka katika kurasa. Kijana wetu anaposoma, na amuulize mwandishi: Xury yuko wapi?

CHOMBO KINAPOTAKA KUZAMA

Sasa tuingie katika suala ambalo visa vya bahari hulipenda na fiqhi imelichambua kwa kina. Chombo kimezidiwa na mawimbi. Kitupwe nini?

Imamu Nawawi (Rahimahullah), ambaye Minhaj yake imesomeshwa katika darasa za pwani yetu kizazi baada ya kizazi, anaeleza kwamba chombo kikikaribia kuzama inajuzu kutupa mizigo, na inakuwa wajibu ikitarajiwa kwa hilo kuokoka abiria. Mwenye kutupa mali ya mwenziwe bila ya idhini yake atailipa. Na akimwambia mwenziwe, tupa mzigo wako nami ni mdhamini, basi udhamini umemshika. Hebu tazama: hata katikati ya dhoruba, haki ya mwenye mzigo haikuzama.

Katika Rawdha anaendelea: wanyama nao watatupwa ikiwa hapana njia nyingine ya kuokoa wanadamu. Ama wanadamu hawatupwi, na watumwa katika hilo ni sawa na walio huru.

Mwaka 1781 mabaharia wa chombo cha Kiingereza kiitwacho Zong walitupa baharini Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakipelekwa utumwani Jamaica, kwa madai kwamba maji ya kunywa yamepungua. Wenye chombo wakadai fidia ya bima kama mtu anavyodai fidia ya marobota. Mwaka 1783 baraza la kwanza la mahakama liliwapa haki wenye chombo. Mahakama ya juu iliamuru kesi isikilizwe upya, lakini hakuna aliyeshitakiwa kwa kuua. Kanuni aliyoiandika Nawawi katika karne ya 7 Hijria ingelimaliza shauri lile kwa mstari mmoja.

Je, wakipiga kura? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), ameliuliza swali hili katika al-Mustasfa: watu wamo chomboni, wakimtupa mmoja watapona wengine, wasipomtupa watazama wote. Na watu wako katika njaa kali, wakimla mmoja kwa kura watapona waliobaki. Jibu lake katika yote mawili ni kwamba haijuzu. Roho moja isiyo na hatia haihesabiwi kuwa akiba ya roho nyingine.

Ama kisa cha Nabii Yunus (a.s.) katika Surat as-Saffat, ambamo kura ilipigwa naye akaangukiwa nayo, al-Qurtubi na wengine wameeleza kwamba hilo lilikuwa maalumu kwake, na halichukuliwi kuwa ruhusa ya kumtupa mtu baharini katika sharia yetu. Wafanye lililo katika uwezo wao, kisha wasubiri kadari ya Allah.

Mwaka 1838 Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika riwaya ya baharini ambamo watu wenye njaa wanapiga kura, na anayeliwa anaitwa Richard Parker. Mwaka 1884 jambo hilo likatokea kweli. Chombo kidogo Mignonette, kilichokuwa kikitoka Uingereza kwenda Australia, kilizama, na watu wanne wakabaki katika mashua. Baada ya kiasi cha siku 20, nahodha Tom Dudley na mwenzake Edwin Stephens walimchinja kijana wa miaka 17 aliyekuwa mgonjwa, wakamla pamoja na wa tatu wao. Jina lake, kwa sadfa ya kushangaza, lilikuwa Richard Parker. Hata kura haikupigwa. Mahakama ya Uingereza ilitoa hukumu kwamba dharura si udhuru wa kuua. Wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miezi sita. Hukumu hiyo husomeshwa mpaka leo katika vyuo vya sheria duniani, nayo katika msingi wake imekubaliana na alilolisema Ghazali karne karibu nane kabla yake.

NJAA PORINI: KUTOKA KHABAT MPAKA KUSINI KWETU

Ndugu zangu wa Chunyu watasema: sisi na bahari wapi na wapi? Kwetu ni pori. Nasi tunasema, fiqhi ya pori nayo ipo, na mwalimu wake wa kwanza ni msafara wa Sahaba.

Mwaka wa 8 Hijria, kwa mujibu wa wanachuoni wengi wa sira, Mtume (s.a.w.) alituma watu 300 kuelekea pwani chini ya Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.). Tende zao zikapungua mpaka kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku, anaifyonza kama mtoto kisha anakunywa maji. Ilipokwisha wakapukutisha majani ya miti, wakayala, ndiyo maana msafara ule ukaitwa wa al-Khabat. Kisha bahari ikawatupia samaki mkubwa mno aitwaye ambar, yaani nyangumi. Abu Ubayda kwanza akasema ni mfu, kisha akasema: sisi ni wajumbe wa Mtume, tuko katika njia ya Allah, na mmedharurika, basi kuleni. Waliporudi Madina Mtume (s.a.w.) akawaambia kwamba ni riziki aliyowatolea Allah, akaomba apewe sehemu, akala. Al-Bukhari na Muslim wameipokea khabari hii. Walinusurika watu mia tatu, na hakudhulumiwa mtu.

Hapa kwetu Kusini mitihani imepita zaidi ya mmoja. Njia za misafara ya Kilwa kwenda Ziwa Nyasa zilipita katika nchi hizi, na watu wengi walipelekwa pwani wakiwa katika minyororo. Mmoja wa walionusurika na utumwa wa zama hizo, Rashid bin Hassani wa kabila la Wabisa, alitekwa akiwa mdogo, akaletwa pwani na kuuzwa Unguja. Masimulizi ya maisha yake yalichapwa mwaka 1936 katika kitabu alichokihariri Margery Perham. Ni ukweli mchungu kwamba wenye misafara ile wengi walikuwa Waislamu, na wengine walikuwa na vitabu tulivyovitaja. Sultan Barghash alipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari mwaka 1873, na misafara ya bara mwaka 1876, kwa shinikizo la Waingereza. Hukumu ya khiyana na ya kumuuza mtu huru ilikuwa imeandikwa karne nyingi kabla ya hapo. Kasoro haikuwa katika kitabu. Ilikuwa kwa msomaji wake.

Kisha ikaja mashambulizi ya Magwangwara, waliofika Masasi mwaka 1882, na watu wakawa wanakimbilia milimani na misituni. Na mwaka 1905 vikaja vita vya Majimaji. Wamwera walikuwamo. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula, mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Aliyepona alipona kwa kujua pori: kuchimba ming'oko, na kujua kiazi gani cha mwituni kina sumu, na kwamba lazima kimenywe, kikatwe na kulowekwa katika maji siku kadhaa ndipo kiliwe. Na ni baada ya vita hivyo ndipo Uislamu ulienea kwa wingi katika vijiji vya Lindi. Hivyo wengi wa mababu waliotamka shahada huku walikuwa watu waliokwishaijua njaa.

Kwa ajili hiyo imamu wa huku anapaswa kuzijua vyema hukumu za aliyedharurika, zilizosimama juu ya Surat al-Baqarah aya ya 173 na Surat al-Maidah aya ya 3. Tunazitaja kwa ufupi kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii.

Kwanza, dharura haithibiti maadamu halali inapatikana. Mwenye uwezo wa kuchimba ming'oko au kutega paa hana ruhusa ya kula nguruwe pori kwa kuwa tu amechoka.

Pili, aliyekosa kabisa na akaiogopea nafsi yake, inamwajibikia kula nyamafu. Kauli yenye nguvu ni kwamba ale kiasi cha kuizuia roho isitoke, ila akichelea kuangamia kwa kiasi hicho.

Tatu, akikuta chakula cha mtu asiyekuwapo, atakula na atalipa.

Nne, akimkuta mwenye chakula ambaye mwenyewe hakudharurika, ni wajibu wa mwenye chakula kumlisha, awe Mwislamu au asiyekuwa Mwislamu aliye katika ulinzi wa dola ya Kiislamu. Mwenye kufunga ghala lake wakati jirani anakufa amebeba dhambi.

Tano, hapana dharura inayohalalisha damu ya mtu asiye na hatia.

HITIMISHO

Tumeona kwamba sharia imempa mwenye kuangamia wasaa mkubwa. Imemhalalishia mfu, imemruhusu kutupa mali ya tajiri baharini, imemruhusu kula cha mtu bila ya idhini kwa sharti la kulipa, na imemwondolea uzito wa maji kwa tayamamu na wa kibla kwa ijtihadi yake. Lakini imeuweka mpaka mmoja ambao hauvukwi: nafsi ya mwenziwe.

Na mpaka huo hauhusu wenye mashua iliyozama peke yao. Siku hizi vijana wetu wa Afrika ya Mashariki hupakiwa katika vyombo vibovu kuelekea ng'ambo, na wengine hupitishwa mapori na majangwa na watu wanaowapa amani kwa maneno kisha wakawauza. Yule anayepokea fedha ya kijana kwa ahadi ya kazi, huku akijua anampeleka pabaya, amekaa mahali pa Ismailawayh akihesabu dinari 30.

Kwa hiyo hatuwaambii walimu wa madrasa wawanyang'anye watoto vitabu vya visa. Wawaachie wasome, kisha wawasimulie na kisa cha mfalme wa Sufala, na kisa cha Abu Ubayda na watu wake mia tatu. Wawaulize: nani alinusurika hapa, na nani alilipa? Mtoto aliyezoea kuliuliza swali hilo kitabuni, tunataraji kwa Allah kwamba ataliuliza na sokoni.

Tunamwomba Allah (S.W.) awahifadhi wasafiri wetu wa baharini na nchi kavu, awarehemu waliokufa katika njia za Kusini bila ya kuswaliwa wala kuzikwa, na atujaalie tuwe wenye kutekeleza amana. Amin.

Wa Billahi Tawfiq.